Tharia Topan: Tajiri aliyeanza hospitali asiione ikimalizika

UKISHUKA melini katika bandari ya Unguja na kuifuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia, hutakwenda mbali kabla ya kusimamishwa na jumba moja la ajabu. Roshani zake za mbao zimechongwa kana kwamba ni kitambaa kilichodariziwa, madirisha yana vioo vya rangi, na kuta zimetiwa nakshi za chokaa. Mgeni hudhani kwamba hilo ni kasri la mfalme. Wenyeji watamwambia kuwa sivyo: hiyo ni Zahanati ya Kale.

Mtu ana haki ya kushangaa. Ni nani huyo aliyejenga nyumba ya namna hii ili maskini waje kunywa dawa? Na kama ilijengwa kwa ajili ya wagonjwa, mbona leo ndani yake hamna kitanda hata kimoja cha mgonjwa? Kuyajibu maswali haya yatupasa turudi nyuma karibu miaka mia mbili, hadi katika mji mdogo wa Lakhpat, nchi ya Kutch, magharibi mwa Bara Hindi. Huko ndiko alikozaliwa Tharia Topan mnamo mwaka wa 1823.

Baba yake alikuwa mchuuzi mdogo tu, Khoja wa madhehebu ya Ismailia. Yasimuliwa miongoni mwa watu wake kwamba Tharia, akiwa kijana wa miaka kama kumi na miwili hivi, alisingiziwa wizi, akatoroka na kujificha ndani ya jahazi lililokuwa likingoja upepo. Alipogunduliwa, pwani ilikuwa imekwisha potea machoni, na nahodha hakuwa na njia ila kumchukua hadi mwisho wa safari. Kama kila neno katika masimulizi hayo ni kweli au limetiwa chumvi, si kitu. Jambo lililo hakika ni kwamba majahazi ya Kutch yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na kwamba yalileta vijana wengi wa aina yake wasio na kitu mkononi. Msomaji wa Mombasa atamkumbuka Allidina Visram, naye mtoto wa Kutch, ambaye jina lake limebakia katika shule mashuhuri ya mji huo. Tharia alimtangulia kwa muda wa kizazi kizima.

Unguja aliyoifikia ilikuwa Unguja ya Sayyid Said. Mikarafuu ilikuwa inapandwa kwa wingi, Wamarekani kutoka mji wa Salem walikuwa wanaleta kile kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo twakiita merikani, na pembe za ndovu zilikuwa zinateremka kutoka bara mabegani mwa watu. Kijana alianza na kazi za chini kabisa. Hakujua kusoma wala kuandika. Alijifunza hesabu katika duka la Jairam Shivji, Mhindi tajiri aliyekuwa ameshika forodha ya Sultani, na polepole akaaminiwa vitabu vya madeni.

UTAJIRI WA DENI

Hapa ndipo ilipo siri ya utajiri wake, na yafaa tuieleze vizuri. Siku hizo mfanyabiashara wa msafara hakuwa na fedha za kutosha. Alikuja kwa Mhindi mwenye duka, akakopa merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti, akaenda nazo bara. Baada ya miaka miwili au mitatu alirudi na pembe, akalipa deni pamoja na faida kubwa iliyokwisha tiwa katika bei ya bidhaa. Akifa njiani, au akishindwa vitani, mali imepotea. Basi mkopeshaji alihitaji kumjua mtu kuliko kuijua bidhaa. Tharia alikuwa na kipawa hicho cha kuwajua watu.

Mfano mkubwa ni Tippu Tip. Hamed bin Muhammed, kama lilivyokuwa jina lake, alitaka kufanya safari yake kubwa mnamo mwaka wa 1870, na Tharia ndiye aliyempa bidhaa. Tippu Tip hakurudi Unguja hadi mwaka wa 1882. Miaka kumi na miwili! Ni mwenye duka gani angeweza kulala usingizi mtoro wake akikaa muda huo wote katika misitu ya Kongo? Hata hivyo, pembe zilikuja na deni likalipwa. Tippu Tip mwenyewe amemtaja Tharia zaidi ya mara moja katika kitabu cha maisha yake, kitabu ambacho aliyasimulia kwa Kiswahili. Stanley pia alinunua vitambaa kwake alipokuwa anajiandaa kumtafuta Livingstone mwaka wa 1871.

Mnamo mwaka wa 1876 Sayyid Barghash alimpa Tharia forodha yote, akaishika kwa muda wa miaka minne. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: mwenye kuikodi alimlipa Sultani kiasi maalumu cha fedha kila mwaka, kisha yeye akakusanya ushuru, ambao kwa bidhaa za kigeni ulikuwa asilimia tano kwa mujibu wa mikataba. Ikipatikana ziada ni yake, ikipungua ni hasara yake. Na forodha hiyo haikuwa ya Unguja peke yake. Bidhaa zilizoshuka Mombasa na Lamu zilihesabiwa na mawakala wake vile vile, kwa maana pwani yetu ilikuwa chini ya bendera nyekundu ya Sultani. Mtoto aliyetoroka kwa jina la mwizi sasa alikuwa ameshika funguo za hazina ya nchi.

Wako waandishi wanaomsifu Tharia na kuishia hapo. Mimi naona si haki kunyamaza juu ya upande wa pili. Waingereza walimheshimu kwa sababu aliwasaidia katika juhudi za kuikomesha biashara ya watumwa, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873. Ni sawa. Lakini pembe zilizomtajirisha zilibebwa na watu, na misafara aliyoigharamia ilipita katika nchi zilizochomwa moto na kutekwa. Daftari la mkopeshaji huandika frasila za pembe tu; haliandiki aliyeanguka njiani. Huenda Tharia mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi tunaomhukumu leo. Hatuna njia ya kuingia moyoni mwake.

HOSPITALI YA JUBILEE

Mji aliokuwa akiishi ulikuwa mji wa maradhi. Kipindupindu cha mwaka wa 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno katika kisiwa hicho, na walioangamia zaidi walikuwa wale wa vibanda vya makuti, waliokunywa maji ya visima vichafu. Miaka miwili baadaye, Aprili 1872, kimbunga kiliilaza mikarafuu na kuvunja majahazi. Sayyid Barghash alileta maji ya mfereji mjini, na watu waliyafurahia. Lakini mgonjwa maskini, hasa asiye na jamaa, alikuwa bado hana mahali pa kulazwa.

Mwaka wa 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 ya utawala wake. Tharia, aliyekuwa amekwisha fika Uingereza katika msafara wa Barghash mwaka wa 1875, akatangaza kwamba angejenga hospitali ya kuiadhimisha sikukuu hiyo, na jiwe la msingi likawekwa ufukoni mwaka huo huo. Je, ilikuwa ni huruma au ni siasa? Nadhani yalikuwa yote mawili. Nguvu za Sultani zilikuwa zinapungua na za Mwingereza zinapanda, na mfanyabiashara aliyezoea kukopesha hujua upepo unakoelekea. Hata hivyo angeweza kumjengea Malkia sanamu. Alichagua hospitali.

Akaichagulia pia mahali pa fahari kuliko pote mjini, mbele ya bahari, si mbali na majumba ya Sultani yenyewe. Mafundi wakachanganya kila walichokijua: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa kama ilivyo desturi ya pwani, roshani za mbao za mtindo wa Kihindi, na mapambo yaliyopendwa na Wazungu wa zama hizo.

Mwaka wa 1890 mambo mawili yalitukia. Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza, na Tharia akapewa heshima ya kuitwa Sir. Mwaka uliofuata, 1891, akafa huko Bombay. Jumba lilikuwa halijamalizika.

JANBAI

Mara nyingi habari za watu wakubwa huishia kaburini, na aliyebaki nyuma hasemwi. Katika habari hii aliyebaki ni mjane wake, Janbai. Yeye ndiye aliyeiendeleza kazi hadi jumba likakamilika mwaka wa 1894. Wakati huo mwanamke wa tabaka lake hakutazamiwa kusimamia ujenzi wa ghorofa mbele ya bandari, na kwa maoni yangu jumba hilo ni lake sawasawa na la mumewe.

Lakini kumaliza nyumba ni jambo moja, kuiendesha hospitali ni jingine. Hospitali hutaka daktari, dawa, chakula na mishahara kila mwezi, na mtoaji alikuwa amekwisha kufa. Ndoto ya hospitali kubwa haikutimia kamwe. Mwaka wa 1900 jumba likanunuliwa na wakfu wa Khoja mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed. Hawa walikuwa na akili ya mambo yanayowezekana: chini wakaweka zahanati pamoja na daktari, ghorofa za juu wakazikata vyumba vya kupangisha. Kwa muda wa miaka zaidi ya sitini watu walipanga foleni chini ya roshani zile za kifalme kungoja chupa ya dawa, na juu yao wapangaji wakianika nguo.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Jumba likaangukia mikononi mwa Serikali, zahanati ikakoma, na wagonjwa wakawa wanakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Nyumba za Mji Mkongwe haziwezi kuachwa hivi hivi. Jiwe la matumbawe hunywa maji. Paa likivuja, maji huteremka ukutani, vichwa vya boriti za mkoko huoza, na sakafu huanguka mmoja mmoja. Fundi asiyejua akija na saruji huzidi kuharibu, maana saruji huuzuia ukuta usipumue na unyevu ukabaki ndani. Katika miaka ya sabini na themanini jumba la Tharia lilikuwa linakufa kifo cha namna hiyo, polepole, mbele ya macho ya kila abiria aliyeingia bandarini.

Mwaka wa 1990 likakodishwa kwa shirika la utamaduni la Aga Khan, kiongozi wa madhehebu ya marehemu Tharia. Mbao zilizooza zikachongwa upya kwa kufuata nakshi za zamani, chokaa ikarudishwa ilipostahili, na katika kazi hiyo mafundi wa Unguja wakapata tena ujuzi uliokuwa unapotea. Mwaka wa 1996 kazi ikaisha. Lakini lilifunguliwa kama kituo cha utamaduni, chenye maduka, ofisi na vyumba vya maonyesho. Miaka minne baadaye Mji Mkongwe ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Wako wanaonung'unika. Husema: marehemu alitoa mali yake kwa ajili ya maskini wagonjwa, na sasa anayefaidi ni mtalii anayetafuta kivuli na ukumbusho wa kupeleka kwao. Manung'uniko hayo si ya kupuuzwa. Mimi nayajibu kwa kutazama hatua chache tu upande wa kusini, ilipo Beit el Ajaib ya Sayyid Barghash. Hiyo ilikuwa fahari ya mji tangu mwaka wa 1883, ikaja kuwa jumba la makumbusho, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele ikaporomoka na kuua watu wawili. Nyumba isiyoingiza hata senti ya kununulia chokaa hungoja siku yake. Pamoja na hayo, ningefurahi kama katika vyumba vyote vile kungetengwa kimoja, hata kidogo cha chini ya ngazi, akae muuguzi wa kufunga vidonda vya wachukuzi na mabaharia wa pale pale Mizingani.

Jambo moja zaidi. Jumba hili lilikusudiwa kuwa na jina la Tharia Topan na la jubilee ya Malkia. Hakuna mtu mjini anayeliita hivyo. Jina la Janbai halitajwi kabisa, na hata lile la kituo cha utamaduni huachiwa wageni. Mchukuzi wa rukwama ukimwuliza njia atakuelekeza kwa jina la kile chumba cha chini ambamo bibi yake alipewa dawa: Zahanati ya Kale.