Kayiira, bwana jela aliyewasomea majambazi mpaka akawa daktari

Askari wa Songea anayetaka kusoma bila kuacha lindo siku hizi ana Chuo Kikuu Huria, chenye kituo hapahapa mjini. Andrew Lutakome Kayiira wa Uganda hakuwa na njia hiyo. Alianzia Magereza kwao, kisha ikabidi avuke bahari kwenda Marekani. Mwaka 1978 akapata shahada ya udaktari katika haki jinai, Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Albany.

Alitafiti nini? Makondo. Kwa Waganda, kondo ni jambazi wa silaha, yule anayevamia nyumba za watu usiku. Miaka ya 1960 walizidi mno, na mwaka 1968 sheria ikaweka adhabu ya kifo kwa ujambazi wa silaha. Haikusaidia. Mwaka 1972 Idi Amin akatoa amri ya kuwaruhusu wanajeshi kumpiga risasi anayeshukiwa kuwa jambazi. Anayeshukiwa tu, angalia hapo! Ukigombana na mwenye bunduki, kesho unaitwa kondo na hakuna wa kukuuliza chochote. Ndiyo Uganda ambayo Kayiira alikaa chini kuichunguza: ukatili huu ulianzaje, na ulikuwa wa namna gani.

Angeweza kubaki Marekani na kalamu yake. Badala yake akaingia kwenye siasa za kwao baada ya Amin kuanguka mwaka 1979. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulipozua vita, akaongoza kundi la Uganda Freedom Movement, na Februari 1982 watu wake wakavamia kambi ya Lubiri mjini Kampala. Hapa ndipo wengine tunashindwa kumwelewa: mtafiti wa mtutu naye kaushika mtutu.

Museveni aliposhika nchi mwaka 1986 akampa uwaziri wa nishati. Oktoba mwaka huohuo akakamatwa kwa tuhuma za uhaini. Kesi haikufika mbali, na mwishoni mwa Februari 1987 akaachiwa.

Hakumaliza hata wiki mbili uraiani. Usiku wa kuamkia Machi 7 alikuwa amelala kwa rafiki yake mwandishi wa habari, mtaa wa Konge, Kampala. Watu wenye silaha wakavamia nyumba na kumuua, vilevile kama makondo aliowaandika. Wapelelezi wa Scotland Yard waliitwa kutoka Uingereza. Hakuna aliyetiwa hatiani mpaka leo.