Méchain, jamaa aliyeikana galaksi yake

Ukitafuta picha ya NGC 5866 mtandaoni, ile iliyopigwa na darubini ya angani ya Hubble, utaona kitu kama andazi bapa linalotazamwa kwa upande, limenona katikati na kukatwa na mstari mwembamba wa vumbi jeusi. Picha hiyo ilitolewa 2006 na mimi niliikodolea macho hadi bando ikaisha.

Wataalamu huiita galaksi ya umbo la lenzi. Neno lenzi lenyewe limetoka kwa Kilatini, ambako ni kamande, zile tunazopikia chapati wikendi. Galaksi za aina hii zina sahani ya nyota kama hii yetu ya Njia Nyeupe, ila hazina ile mikono ya kuzunguka. Gesi ya kuundia nyota imebaki kidogo, kwa hivyo nyota nyingi ndani yake ni nzee, za rangi ya manjano kuelekea nyekundu. NGC 5866 ina upana wa miaka ya nuru 60,000 hivi, theluthi mbili ya galaksi yetu, lakini uzito wake unakaribiana na wetu. Nuru yake husafiri zaidi ya miaka milioni 40 kabla itufikie.

Ina jina lingine pia, M102. Na hapo ndipo Pierre Méchain anaingia.

Alizaliwa 1744 katika mji wa Laon, kaskazini mwa Ufaransa, mwana wa fundi wa kupiga plasta. Hesabu alikuwa anaziweza vibaya sana. Akaenda Paris kusomea uhandisi wa barabara na madaraja, pesa zikaisha, akaacha masomo. (Hapa nilisimama kidogo. Mimi pia niliacha chuo sababu ya karo, na sikujua kuna mtu wa karne ya 18 aliyepitia hiyo kitu.) Akawa anafunza watoto wa watu nyumbani. Babake alipokuwa na shida ya pesa, Méchain aliuza chombo chake cha kutazamia nyota. Aliyekinunua ni Lalande, mwanaanga mkubwa wa wakati huo, na Lalande akaona kijana ana kichwa. Alimpa kazi ya kukagua kurasa za kitabu chake, kisha akamtafutia kibarua Versailles, katika ofisi ya ramani za wanamaji.

Mchana ramani, usiku nyota. Rafiki yake Charles Messier alikuwa anaunda orodha ya vitu vyenye ukungu angani, ili watafutaji wa nyotamkia wasidanganyike. Méchain akawa anamletea vingi. Mwaka 1781 pekee aligundua nyotamkia wawili, na mwaka uliofuata akaingia Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Bila digrii, jameni.

Kati ya vitu alivyomletea Messier 1781 kulikuwa na ukungu hafifu sana karibu na kundinyota la Joka. Messier aliuweka kwenye orodha kama namba 102 bila kuukagua mwenyewe, na bila kuandika mahali kamili ulipo. Miaka 2 baadaye Méchain alituma barua Berlin kusema kwamba alikosea, kwamba 102 ni ile ile 101 iliyorudiwa. Wengi wanaofuatilia mambo haya leo wanaona kwamba alikosea pale alipojikosoa. Maelezo yake ya kwanza yanalingana vizuri na NGC 5866, mradi ukubali kwamba herufi moja ya Kigiriki kwenye jina la nyota jirani ilichanganywa na nyingine. Wengine bado wanaamini barua ya Berlin. Mimi niko na kundi la kwanza.

Tabia hiyo ya kujishuku ndiyo iliyokuja kumla. Mwaka 1792 Ufaransa ilitaka kipimo kipya, mita, ambayo ingekuwa sehemu moja ya milioni 10 ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Delambre alipewa kupima upande wa kaskazini kuanzia Dunkirk, Méchain akapewa kusini hadi Barcelona. Vita vikazuka kati ya Ufaransa na Uhispania akiwa huko huko. Akapata ajali mbaya kwenye mtambo wa kuvuta maji, akavunjika mbavu. Alipopona akapima nyota tena kutoka sehemu nyingine ya Barcelona, na majibu yakakataa kulingana na ya kwanza. Tofauti ilikuwa sekunde 3 hivi za digrii, ambayo chini ni kama mita 100.

Hakumwambia mtu. Alichelewa kurudi Paris, na aliporudi alitoa namba za kwanza tu. Mita ikatangazwa 1799, yeye akapewa kuongoza kituo cha kutazamia nyota cha Paris, watu wakampongeza. Usingizi hakuwa nao. Mwaka 1803 aliomba arudi Uhispania kuendeleza vipimo hadi visiwa vya Baleari. Homa ilimuua Castellón, Septemba 1804, akiwa na miaka 60.

Ni Delambre aliyefungua karatasi zake na kukuta siri, namba zilizorekebishwa kwa penseli. Lakini 1828 mtaalamu mwingine alirudia hesabu zile na kuonyesha kwamba macho ya Méchain yalikuwa sawa. Shida ilikuwa kwenye chombo na njia ya kukokotoa. Mita yetu ni fupi kidogo, kama milimita 0.2, sababu kubwa ikiwa dunia yenyewe si duara safi.

Galaksi hiyo inaonekana hata Nairobi. Mwezi Juni, saa tatu au nne usiku, tazama kaskazini, chini kidogo. Kwa macho matupu hutaiona, utahitaji darubini na mahali mbali na taa za jiji.