Lord Egerton na Kasri la Njoro

Maurice Egerton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, katika ukoo wa mabwana wenye mali. Ujanani alipenda eropleni, wakati huo ndiyo kwanza zinajaribiwa, na mwaka 1910 akapata leseni ya urubani. Baadaye akaja kulima Njoro, karibu na Nakuru, katika nchi ya malisho walikoondolewa Wamaasai mwaka 1904.

Mwaka 1938 alianza kujenga kasri la mawe lenye vyumba 52. Vita vikaingia kati, na kazi haikwisha mpaka 1954. Miaka 16! Husimuliwa kwamba alimjengea bibi mmoja aliyemkataa. Hadithi hiyo mimi huisikiliza kwa sikio moja. La hakika ni kwamba hakuoa, na kasri lililokamilika alilikalia miaka minne tu. Alifariki Januari 1958, na cheo cha ukoo kikafa naye.

Tazama basi, msomaji, alichoacha. Ekari 740 alizotoa mwaka 1939 kwa shule ya kilimo zimezaa Chuo Kikuu cha Egerton. Jumba lake la Uingereza, Tatton, aliliachia shirika la kuhifadhi turathi, mfano wa wakfu, lakini mzigo wa kulitunza ukabebwa na halmashauri ya huko. Kasri la Njoro likawa mikononi mwa chuo. Limekarabatiwa, watu hulipa kiingilio, harusi hufanywa. Lakini paa na mabomba ya vyumba 52 havingoji msimu wa harusi.

Nayasema haya kwa kuwa huku kwetu, Mombasa na Lamu, wengi wanatamani kuzitengeneza nyumba za mawe za mababu ili wapangishe wageni. Fundi hukadiria gharama kwa kutazama lipu. Ikibanduliwa, ndipo zinapoonekana boriti zilizoliwa na mchwa. Ukitia saruji mahali pa chokaa, unyevu hufungika ukutani na jiwe likaoza. Na nyumba iliyotangazwa kuwa turathi huibadili upendavyo. Sheria ya 2006 inakataza. Hata Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyokuwa ikikarabatiwa kwa fedha za Oman, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, wakafa watu wawili.

Egerton alikuwa na mali ya nchi mbili, wala hakutarajia kasri limrudishie hata senti. Anayekopa benki ana hesabu nyingine. Bwana huyo amezikwa Nakuru, maili chache tu kutoka vyumba vyake 52.