Nezahualcoyotl: Mfalme aliyetunga sheria kali, akazikwepa mwenyewe

MWAKA wa 1418, mvulana wa miaka 16 alijificha juu ya mti akatazama baba yake akiuawa. Marehemu alikuwa Ixtlilxochitl, mtawala wa Texcoco. Waliomuua walikuwa askari wa Tezozomoc, mfalme wa Azcapotzalco, mji uliokuwa ng'ambo ya pili ya ziwa.

Mvulana huyo, Nezahualcoyotl, alizaliwa mwaka wa 1402 katika bonde ambamo leo umejengwa mji mkuu wa Mexico. Jina lake katika lugha ya Kinahuatl lina maana ya mbweha afungaye saumu. Wazungu walikuwa hawajafika huko. Iliwabidi Wahispania wangoje zaidi ya karne moja.

Alitorokea milimani na kuishi kwa kujificha, hadi jamaa za mama yake, waliokuwa wa ukoo wa kifalme wa Tenochtitlan, walipomwombea ruhusa ya kukaa kwao. Tezozomoc alifariki mwaka wa 1426 na mwanawe, Maxtla, akatwaa kiti. Miaka miwili baadaye, Nezahualcoyotl na Itzcoatl wa Tenochtitlan waliunganisha majeshi yao wakaiangusha Azcapotzalco. Muungano wa miji mitatu, Tenochtitlan, Texcoco na Tlacopan, ndio uliozaa dola tunayoiita leo ya Waazteki. Mwaka wa 1431 mkimbizi wa jana alitawazwa kuwa mfalme.

Kama mjenzi, wachache walimfikia. Mafuriko yalipoizamisha Tenochtitlan mwaka wa 1449, Moctezuma wa Kwanza alimwendea kuomba ushauri. Ukajengwa ukuta wa kilomita zipatazo 16 katikati ya ziwa, kuzuia mafuriko na kutenga maji ya chumvi na yale matamu yaliyonywesha mashamba. Katika kilima cha Texcotzingo, alichonga mabirika kwenye mwamba na kuleta maji kwa mfereji kutoka milimani ili kustawisha bustani zake.

Hata hivyo, ni sheria zake zilizomjengea jina. Mwizi aliuawa, mzinzi aliuawa, na hakimu aliyepokea hongo hakusazwa. Mwanawe aliyetarajiwa kurithi kiti aliposhtakiwa kwa kupanga uasi, mfalme aliwaachia wafalme wenzake wawili kesi hiyo. Kijana akanyongwa, na baba akaomboleza.

Sheria hizo zilinyamaza siku moja tu, nayo ilikuwa siku yake mwenyewe. Akiwa mgeni wa Cuacuauhtzin, mtawala wa Tepechpan aliyekuwa chini yake, aliandaliwa chakula na binti aitwaye Azcalxochitzin, ambaye mwenyeji alikuwa akimlea ili amwoe. Mfalme akampenda papo hapo. Akamwamuru Cuacuauhtzin aongoze vita dhidi ya Tlaxcala, na kwa siri akawaagiza makamanda wamwache mahali palipo na mapigano makali. Msomaji wa Biblia hatakosa kumkumbuka Daudi na Uria. Cuacuauhtzin alihisi anakopelekwa. Wimbo wa huzuni unaosemekana aliutunga katika karamu ya kuwaaga rafiki zake ungalipo. Alienda, hakurudi, na Azcalxochitzin akawa malkia wa Texcoco. Hakimu wa kumshtaki mfalme hakupatikana.

Nezahualcoyotl aliaga dunia mwaka wa 1472. Kiti kilimwendea Nezahualpilli, mtoto wa Azcalxochitzin aliyezaliwa mwaka wa 1464, naye akatawala hadi 1515, miaka minne kabla ya Hernán Cortés kutua pwani.

Nyaraka za Texcoco ziliteketezwa wakati wa uvamizi. Mengi tunayoyasoma kuhusu mfalme huyu yaliandikwa katika karne ya 17 na mzao wa ukoo wake, Fernando de Alva Ixtlilxochitl, Mkristo aliyehitaji babu wa kumpendeza mtawala Mhispania. Ndiye aliyemchora kama mwanafalsafa mpole aliyeabudu Mungu mmoja na kuchukia kafara za binadamu, picha ambayo wanahistoria wengi wa siku hizi wanaitilia shaka, kwani Texcoco ilitoa kafara kama majirani zake. Nyimbo nyingi zinazobeba jina la mfalme nazo haijathibitishwa kuwa ni zake. Lakini kisa cha Tepechpan, ambacho mwandishi huyo angeweza kukizika, alikiandika.