George Washington: Jenerali Aliyerejesha Masurufu

Kamati iliponiomba niandike maisha ya kiongozi mmoja kwa ajili ya ukurasa huu, najua wengi mlitarajia mmoja wa waasisi wa Afrika. Mtaniwia radhi. Mimi ni mhasibu, na nimemchagua Mmarekani kwa sababu ya daftari lake.

George Washington alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 huko Virginia, lililokuwa koloni la Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 11. Chuo hakwenda. Alijifunza kupima ardhi, na kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa akiishi kwa kazi hiyo. Baadaye akawa askari upande wa Waingereza dhidi ya Wafaransa, na mwaka 1754 alizidiwa akasalimu amri. Mwaka 1759 akamwoa Martha, mjane tajiri, akarudi kulima Mount Vernon.

Makoloni yalipoasi, mnamo Juni 1775 Kongresi ilimteua kuwa mkuu wa jeshi lote. Ilipanga kumlipa dola 500 kwa mwezi. Akakataa mshahara. Alichoomba ni kurudishiwa gharama zake tu, naye akaahidi kuziandika.

Vita ilidumu miaka minane. Katika baridi ya 1777 hadi 1778, kambini Valley Forge, wapatao 2,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi, na wengine hawakuwa na viatu. Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Ilitegemea michango ya majimbo, na kila jimbo lilitoa kwa wakati wake na kwa kiasi lilichotaka. Yeyote kati yetu aliyewahi kupita mlango kwa mlango na kitabu cha stakabadhi anaijua hali hiyo.

Ushindi mkubwa ulipatikana Yorktown mwaka 1781 kwa msaada wa Wafaransa, lakini malipo ya wanajeshi hayakuja. Machi 1783, huko Newburgh, maofisa waliokuwa wakidai mishahara ya muda mrefu walianza kunong'ona juu ya kuitisha serikali kwa silaha. Washington alikwenda kwenye mkutano wao. Alipotaka kuwasomea barua, akatoa miwani ambayo wengi hawakuwahi kumwona nayo, akawaomba radhi kwamba nywele zimeota mvi akiwa kazini na sasa macho nayo yanaisha. Baadhi walitokwa machozi. Njama ikaishia hapo.

Mwaka huohuo akawasilisha hesabu zake, zilizoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na nauli za mke wake kwenda kambini kila msimu wa baridi, jambo ambalo mkaguzi yeyote angeliuliza. Hakulificha, alieleza kwamba aliahirisha likizo za kwenda nyumbani kwa sababu ya vita, ndiyo maana mama alimfuata. Wakaguzi walipojumlisha walikuta tofauti isiyofika dola moja, tena yeye ndiye aliyekuwa amejipunja. Nimekagua vikundi vingi vidogo kuliko jeshi lile, sijaona marejesho ya namna hiyo.

Tarehe 23 Desemba 1783, mjini Annapolis, alirudisha cheo mbele ya Kongresi akaenda kulima. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumlazimisha.

Alichaguliwa rais wa kwanza mwaka 1789, kwa kura zote za wajumbe. Alikuwa na ardhi nyingi lakini fedha taslimu hana, hata ikabidi akope ili aweze kusafiri kwenda kuapishwa New York. Alitawala vipindi viwili, akaondoka Machi 1797 bila katiba kumtaka aondoke.

Ila daftari lina ukurasa mwingine, na siwezi kuuruka. Washington alimiliki watumwa tangu utotoni. Akiwa rais huko Philadelphia, ambako sheria ilimpa uhuru mtumwa aliyekaa miezi sita, alikuwa akiwahamisha kwa zamu ili muda usitimie. Ona Judge, msichana aliyemhudumia Martha, alitoroka mwaka 1796. Washington alijaribu kumrudisha, hakufanikiwa.

Alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Mwaka huo Mount Vernon palikuwa na watumwa 317. Katika wosia aliwaachia huru 123 waliokuwa wake, na Martha akawafungulia tarehe 1 Januari 1801. Wengine zaidi ya 150 walikuwa mali ya mirathi ya mume wa kwanza wa Martha, na kisheria wosia haukuwahusu. Wengi wa makundi hayo mawili walikuwa wameoana. Baada ya kifo cha Martha mwaka 1802, hao waliobaki waligawanywa kwa wajukuu wake wanne.