Theodor Bilharz na Mnyoo wa Kichocho

Bila shaka unaujua ugonjwa wa kichocho. Huenda umemwona mtoto akikojoa, na mwishoni mwa mkojo ikatoka damu. Hospitalini ugonjwa huo huitwa pia bilhazia. Jina hilo limetokana na jina la mtu, Daktari Theodor Bilharz.

Bilharz alizaliwa mwaka 1825 katika mji wa Sigmaringen, Ujerumani. Alisomea udaktari. Mwaka 1850 alifuatana na mwalimu wake, Daktari Griesinger, kwenda Misri. Wakafanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini, mjini Cairo. Huko wakulima wengi walikojoa damu. Ugonjwa ulikuwa wa zamani sana, lakini chanzo chake hakikujulikana.

Basi Bilharz alifanya kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia. Alipasua maiti za wagonjwa ili aone kilichowaua. Mwaka 1851 alitazama ndani ya mshipa mkubwa wa damu uendao kwenye ini. Humo akakuta minyoo myeupe. Minyoo ya tumboni aliijua, kama wewe unavyoijua. Lakini hii ilikaa ndani ya damu yenyewe!

Akaitazama kwa hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Akaona dume limekunja mwili wake kama mfereji, na jike limelala humo ndani. Akaona pia mayai yenye mwiba. Mayai kama hayo aliyakuta katika kibofu cha mkojo. Hapo ikajulikana damu inatoka wapi. Mayai hukijeruhi kibofu yanapotafuta njia ya kutoka nje.

Sasa fikiri shida iliyobaki. Mnyoo wa tumboni hufukuzwa kwa dawa, ukatoka na choo. Mnyoo wa ndani ya mshipa utatokea wapi? Tena dawa ya kuuua lazima iingie katika damu ya mgonjwa, na damu ndiyo uhai wake. Dawa hiyo Bilharz hakuipata. Wala hakujua mnyoo huingiaje mwilini. Mwaka 1862 alisafiri na mtawala mmoja wa Kijerumani hadi Massawa, kwenye Bahari ya Sham. Akashikwa na homa kali, akafa Cairo tarehe 9 Mei. Alikuwa na miaka 37 tu.

Wengine waliishika kazi yake. Mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper kutoka Uingereza alionyesha kwamba viluwiluwi vya mnyoo hutoka katika konokono wa majini, vikapenya ngozi. Alitumia panya, maana panya naye hupata kichocho. Mwaka 1918, mjini Khartoum, Daktari Christopherson alitibu watu kwa sindano za antimoni. Minyoo ilikufa, lakini dawa ilikuwa kali kama sumu, na sindano zilikuwa nyingi.

Katika miaka ya 1970 Wajerumani walijaribu dawa mpya, prazikwanteli. Walianza na wanyama kabla ya watu. Jaribio la namna hii hufanywa hivi. Panya huambukizwa kwa viluwiluwi. Hungojewa wiki 6 au 7 mpaka minyoo ikomae. Kisha panya hugawanywa mafungu mawili. Fungu moja hupewa dawa, la pili halipewi. Baadaye wote huuawa, mishipa yao huoshwa, na minyoo huhesabiwa mmoja mmoja. Bila lile fungu la pili, utajuaje kwamba minyoo imekufa kwa dawa? Labda haikuwamo tangu mwanzo.

Katika panya waliopewa prazikwanteli, minyoo ilijikunja, ikashindwa kushikilia ukuta wa mshipa. Damu ikaisukuma hadi kwenye ini, nayo ikafia huko. Kumbe mnyoo hauhitaji njia ya kutokea. Mwili wenyewe huumaliza ndani ya ini. Dawa hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, nayo humezwa kama vidonge.

Lakini panya walionyesha jambo jingine. Minyoo michanga, ya wiki 3 au 4, haifi vizuri kwa dawa hiyo. Kwa hiyo ukimeza vidonge leo, na mwezi uliopita uliingia katika maji yenye viluwiluwi, rudi hospitalini baada ya wiki kadhaa ukapimwe tena.