Dakta Down Aliwafunza Walioitwa Hawafunziki

Wasomaji wengi wamewahi kulisikia jina la Down. Hutajwa hospitalini mtoto anapozaliwa akiwa na macho yaliyoinuka kidogo pembeni, uso wa bapa na mwili mlegevu, kisha daktari akamweleza mama kwamba mwanawe ana hali ya Down. Walakini ni wachache wajuao kwamba Down alikuwa mtu, tena mwalimu hodari wa watoto hao. Huyo ndiye nitakayemsimulia leo.

John Langdon Down alizaliwa mwaka 1828 katika mji mdogo wa Torpoint, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la vyakula na dawa, naye John aliacha shule mapema ili kumsaidia kazi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipokuwa kijana wa miaka kama 18, mvua kubwa ilimkuta njiani, akajikinga katika nyumba ya watu. Humo alihudumiwa na msichana mwenye ulemavu wa akili. Aliondoka akijiuliza kama hapakuwa na lolote la kumfaa binti yule, na swali hilo halikumtoka moyoni.

Alikwenda London akasomea mambo ya dawa, na mwaka 1853 akaingia chuo cha udaktari cha London Hospital. Alimaliza mwaka 1856 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora. Wengi walitarajia atafute sifa na fedha katika hospitali kubwa za mjini. La hasha! Mwaka 1858 alikubali kusimamia makao ya Earlswood, Surrey, walikowekwa mamia ya watu waliokuwa wakiitwa mapunguani.

Siku zile kazi hiyo haikuwa na heshima hata kidogo. Dakta Down alikataza wakaaji wasipigwe. Alitaka wale mezani kwa kisu na uma, wajifunze kujivalisha, kutamka maneno na kuhesabu, na kila mwenye uwezo apewe kazi ya mikono. Mmoja wao, James Henry Pullen, hakuweza kuzungumza vizuri. Huyu hakuwa na hali ya Down, lakini mikono yake ilichonga mfano wa meli ya Great Eastern ambao watu waliustaajabia.

Mwaka 1866 Dakta Down aliandika makala kuhusu watoto fulani waliofanana kama ndugu, ingawa wazazi wao walikuwa mbalimbali. Hapo aliteleza, kwani aliwalinganisha na watu wa Mongolia, akawaita kwa jina la taifa hilo. Elimu ya baadaye ilionyesha kwamba kabila halihusiki. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba seli za watoto hao huwa na kromosomu 47 badala ya 46. Mwaka 1965, Mongolia ilipolalamika, Shirika la Afya Duniani liliacha kulitumia jina hilo la zamani.

Hata hivyo, katika makala ile ile mna mambo mawili ambayo yamenifanya nimkumbuke kwa heshima. Aliandika kwamba watoto hao wakifundishwa huendelea kupita vile watu wanavyodhani. Aliandika pia kwamba wana kipawa kikubwa cha kuiga.

Mwaka 1868 yeye na mkewe, Mary, waliondoka Earlswood wakafungua makao yao wenyewe, Normansfield, karibu na Teddington. Mwaka 1879 walizindua humo ukumbi wa maigizo, nao ungali umesimama. Dakta Down alifariki mwaka 1896, na wanawe wawili, Reginald na Percival, ambao pia walikuwa madaktari, wakaiendeleza kazi. Ajabu ya Mungu, mwaka 1905 Reginald alipata mtoto wa kiume mwenye hali hiyo hiyo ya Down, akapewa jina la babu yake, John.

Waama, kazi ya mzee huyu ilikuwa na upungufu. Normansfield ilikuwa ya wenye uwezo wa kulipa, na watoto waliishi mbali na wenzao. Maskini hawakupata nafasi hiyo. Katika Uingereza yenyewe, sheria iliendelea kuwahesabu watoto wengi wa namna hii kuwa hawafai kusomeshwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1970 ndiyo iliyoondoa jambo hilo, ikaanza kutumika Aprili 1971. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni karibu miaka 75 tangu Dakta Down afariki!

Basi mimi huuliza: kama mtoto huyu hujifunza kwa kuiga, amwige nani? Ukimfungia nyumbani kwa kuona haya, ataiga ukimya wa kuta. Ukimweka pamoja na wasiosema tu, atasikia maneno machache. Lakini akiketi darasani na watoto wa jirani, ataona wanavyopanga foleni, wanavyosalimu, wanavyoshika kalamu na wanavyogombania mpira. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kusoma katika vyuo na shule zilizochangamana na jamii, kadiri inavyomfaa. Lakini karatasi haifundishi mtu. Anahitajika mwalimu aliyefunzwa, darasa lisilofurika, picha na vitu vya kushika, na subira ya kurudia somo leo, kesho na mtondo. Mwalimu mkuu anayemrudisha mama langoni pamoja na mwanawe, kabla hata ya kumjaribu darasani, hajafika pale alipofika Dakta Down mwaka 1858.